Acheni Kuzika Mninga Chini ya Rangi

Kila anayetaka kibao cha kuchongwa hukutana na kauli moja kabla hajatoa hata shilingi ya kianzio: MDF si mbao. Seremala huisema, mteja huirudia, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye anayeziuza hizo MDF, naye huitikia kwa kichwa. Kuanzia Nambis na Mbulu mjini hadi Katesh chini ya Mlima Hanang, kibao cha heshima, yaani kile kitakachobeba jina la parokia, la shule, la nyumba ya wageni au la ukoo uliomaliza kujenga, hudaiwa kiwe cha mninga au mkongo, na vikikosekana hivyo, mbao ngumu yoyote itakayopatikana. MDF huachiwa makabati ya jikoni na meza za televisheni. Basi mninga hununuliwa kwa bei ya kuumiza, hurandwa, huunganishwa kwa gundi, huchongwa, kisha hufuata jambo ambalo watetezi wake hawapendi kulizungumza: hupakwa rangi. Hutangulia prima, ikafuata rangi ya mafuta ya kijani au buluu, herufi zikapigwa nyeupe au dhahabu, na wekundu wa mninga pamoja na michirizi yake yote hauonwi tena na mtu mpaka siku kibao kitakapotupwa. Hoja yangu ni kwamba kwa kibao kinachochongwa, kikapakwa rangi nzima, kikatundikwa mahali penye paa, MDF ni nyenzo bora kuliko mninga. Sisemi inamtosha asiye na kitu, wala sisemi ni afadhali kuliko kukosa. Nasema ni bora, hata kwa mwenye uwezo wa kununua zote mbili.

Tuanze na kazi yenyewe. Kibao hakibebi uzito wowote zaidi ya wake. Hakikaliwi kama kiti, hakifunguliwi na kufungwa kama mlango. Kinachotakiwa kwake ni uso mpana ulio bapa na utakaobaki bapa, herufi zenye kingo kali, na ngozi laini itakayoshika rangi bila kuonyesha kitu kilicho chini yake. Mti ulipokuwa porini haukukua kwa ajili ya mahitaji hayo. Nyuzi zake zote zimelala kufuata shina, na patasi inayofuata mkondo huo hukata kwa raha, lakini inayokwenda kinyume huinua nyuzi na kunyofoa kipande. Herufi kama I na L hazisumbui. Balaa liko kwenye S, O, B na G, ambamo patasi hulazimika kukata sambamba na nyuzi, kisha kwa kukingama, kisha kinyume, yote katika mviringo mmoja. Mninga, ambao mara nyingi nyuzi zake hupishana, hausamehe hata kidogo. Ncha ya herufi ikishanyofoka, dawa iliyobaki ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi, na rangi ndiyo itakayokuja kuficha kiraka. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye bei, tayari tumetumia mbao ya thamani katika kazi ambayo sifa kuu ya mbao hiyo ni kikwazo.

MDF haina mkondo. Hutengenezwa kwa vipande vya mti, aghalabu paina, vinavyolainishwa kwa mvuke na kusagwa mpaka vibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo huchanganywa na gundi ya urea na fomaldehaidi pamoja na nta kidogo, zikatandazwa na kukandamizwa kwa joto kali. Nyuzi zimelala huku na huku, hivyo patasi, rauta au msumeno hukutana na ugumu uleule kila upande, na herufi S huchongwa kwa urahisi uleule wa I. Wanaoiita takataka nyepesi hawajawahi kuibeba: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 600 hadi 800, unaokaribiana na ule wa mninga mkavu, na shiti moja ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 18 inafika karibu kilo 40. Kasoro yake katika uchongaji ipo, na ni haki itajwe. Nyuso zake mbili za nje zimeshikana zaidi kuliko tumbo lake, kwa hiyo herufi ikichimbwa kwa kina kirefu patasi huingia kwenye sehemu laini na kuacha manyoya. Fundi anayelijua hilo huchimba kwa kina kifupi, hupaka prima, huacha ikauke, hupiga msasa laini, hupaka tena. Ama hukata herufi pekee kutoka kwenye ubao wa milimita 9 na kuzibandika juu ya ubao mwingine, zikasimama zenyewe bila kuchimba chochote. Gundi iliyomo hula makali ya patasi haraka, na jiwe la kunolea halina budi kukaa karibu. Hayo ni masharti ya kazi, kama mninga ulivyo na yake.

Sababu ya pili inahusu hewa, na hapa nyanda za juu za Mbulu ni mahali pazuri pa kuipima. Uwanda huu umekaa kati ya bonde la Ziwa Manyara upande wa mashariki na mabonde ya Yaeda na Eyasi upande wa magharibi. Mvua hushika kuanzia Novemba hivi mpaka Mei, ukungu ukapanda kingo za bonde. Kisha kuanzia Juni huja miezi mikavu yenye upepo na baridi. Mbao yoyote hunywa unyevu wa hewa katika majira ya kwanza na kuutoa katika majira ya pili, na kila mara hutanuka na kunywea kwa upana wake, huku urefu ukibaki karibu vilevile. Miti mingi ya mbao hupoteza asilimia 5 hadi 8 ya upana inapotoka ubichi hadi ukavu kamili. Mninga, na hili watetezi wake wana haki ya kulisema kwa sauti, ni miongoni mwa mbao tulivu kabisa duniani kwa jambo hili, na hunywea kidogo kuliko nyingi. Lakini utulivu huo ni wa mninga uliokaushwa ipasavyo, na mbao inayouzwa kandokando ya barabara mara nyingi imekaushwa kwa jua na haraka. Tena, kibao cha upana wa sentimita 60 hakipatikani katika ubao mmoja. Fundi huunganisha mbao tatu au nne, kila moja ikiwa na mkondo wake na historia yake ya kukauka. Rangi ya mafuta ikishakomaa haina mnyumbuko wa kutosha kufuata michezo ya mbao hizo. Mwaka wa kwanza au wa pili, mistari myembamba huanza kuonekana pale zilipoungana, ikikata jina la shule katikati. Ubao wa MDF hauna muunganiko wowote katika upana wa futi nne, na mabadiliko yake madogo ni sawa pande zote, kwa hiyo rangi hukaa.

Kuna wanaojibu kwamba basi tutumie paina zetu za hapahapa tusihangaike. Ni jibu la mtu mwenye nia njema, lakini paina ina vifundo, na kifundo hutoa utomvu unaopenya rangi na kuacha doa la kahawia hata baada ya miaka. Ukitaka paina isiyo na kifundo, isiyo na mkondo na isiyopinda, iko tayari imesagwa na kukandamizwa, na inaitwa MDF.

Sasa misitu. Mninga si mti wa baridi ya Mbulu. Ni mti wa miombo, wa Tabora, Katavi, Rukwa na mikoa ya kusini, na mbao yake hufika kwetu baada ya kusafiri mamia ya kilomita, wakati mwingine kwa kibali na wakati mwingine bila. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu biashara ya magogo kusini mwa Tanzania ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kukusanywa na wilaya haukukusanywa. Ni takwimu ya miaka ile, na usimamizi umebadilika tangu Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, uanze kazi. Bado inatuonyesha mbao ngumu huwa rahisi kwa njia gani zinapokuwa rahisi. Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliingiza miti yote ya jamii ya mninga na ya mkongo iliyoko Afrika katika orodha ya spishi ambazo biashara yake ya kimataifa lazima idhibitiwe. Orodha hiyo haimzuii fundi wa Mbulu kununua mninga wa Tabora, lakini ni dalili ya mti unaokatwa kwa kasi kuliko unavyoota. Na anayesema tuachane na mninga tukachukue mbao ngumu za karibu, ajiulize karibu ni wapi. Msitu wa Nou, ulio jirani yetu, ni hifadhi, na chemchemi zake ndizo zinazonywesha vijiji na mifugo ya pande mbili za milima yake.

Najua nitaambiwa kwamba vibao ni tone tu, kwamba mninga unaoisha huishia kwenye vitanda, milango na makontena. Ni kweli kabisa, na asiyekubali hilo anadanganya ili ashinde ubishi. Kibao kimoja hakiangamizi msitu. Lakini kitanda cha mninga kina sababu: kinabeba watu, kinaonekana, kinarithiwa. Mlango una sababu: unapigwa jua na mvua, unafungwa na kufunguliwa, unazuia mwizi. Kibao kilichopakwa rangi kila upande hakina sababu hata moja kati ya hizo, na matumizi yasiyo na sababu ndiyo ya kwanza kuachwa hata yakiwa madogo. Wengine huleta hapa milango ya Zanzibar, iliyochongwa kwa msaji na mvule na kusimama katika Mji Mkongwe zaidi ya karne moja, kana kwamba inawatetea. Inanitetea mimi. Fahari ya mlango ule ni mbao yenyewe kuonekana, pamoja na uzito wake na vifungo vyake vya shaba, na mafundi wale walichagua msaji kwa sababu mlango ulikuwa na kazi ya kuustahili.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni maji. MDF ikinywa maji huvimba, ikivimba hairudi, na kila mtu Mbulu ameona kabati lililovimba miguu kwa sababu ya kudekiwa. Sina nia ya kulipunguza pingamizi hili hata kidogo. Naomba tu lipimwe. Kiwango cha Ulaya, EN 622-5, huruhusu ubao wa kawaida wa unene wa milimita 18 uvimbe hadi asilimia 12 ukilowekwa kwa saa 24. Ubao wa kustahimili unyevu, ule ambao viwanda vingi huupaka kijani tumboni ili utambulike, huruhusiwa asilimia 8. Soma tarakimu hizo vizuri: hata ule wa kijani, ambao baadhi ya wauzaji huunadi kuwa ni wa nje, unavimba. Kustahimili unyevu wa hewa ni jambo moja, kustahimili mvua ni jambo jingine. Kwa hiyo kibao cha kusimama kando ya barabara ya Mbulu kwenda Karatu, bila paa, kikipigwa na mvua za miezi sita, kisitengenezwe kwa MDF ya aina yoyote inayouzwa madukani kwetu. Hapo bati, chuma au mninga usiopakwa rangi vina haki. Mtu akikuuzia MDF kwa kazi hiyo, amekudanganya, na tatizo ni lake.

Lakini hebu tuhesabu vibao vilivyo vingi vinatundikwa wapi. Juu ya mlango wa duka, chini ya kibaraza. Kwenye ukuta wa ofisi ya kata, ndani ya korido. Ukumbini, sakristia, madarasani, wodini, mapokezi ya nyumba ya wageni, sebuleni kwa watu. Idadi kubwa ya maandishi ya kuchongwa tunayoyaona maishani hayajawahi kuguswa na tone la mvua, na kuyatengenezea kinga ya mvua ni kumvalisha mtu koti la mvua ndani ya nyumba. Kinachoyafikia ni unyevu wa hewa na maji ya kufutia vumbi, na hayo yote yanazuilika kwa rangi iliyopakwa na mtu anayejua maji huingilia wapi. Huingilia kwenye kingo. Uso wa MDF ni mgumu na huchelewa kunywa, ila ukingo uliokatwa na msumeno uko wazi, nyuzi zote zikitazama nje. Fundi anayepiga mkono mmoja wa rangi usoni na kuupitishia ukingo brashi iliyobaki ameshaua kibao kabla hakijatundikwa. Kingo hupigwa msasa mpaka zing'ae, hupakwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji au puti laini, hupigwa msasa tena, ndipo hupakwa prima ya mafuta mara mbili. Prima ya maji isitangulie, kwa sababu huvimbisha nyuzi inazokusudia kuzilinda. Kona kali huzungushwa kidogo, maana rangi hukimbia ncha kali na kuacha utando mwembamba palepale panapohitaji ulinzi. Mgongo wa kibao hupakwa sawasawa na uso, la sivyo upande mmoja utakunywa unyevu na mwingine usinywe, na kibao kitapinda. Matundu ya skrubu hutobolewa kabla ya kupaka, yakapakwa ndani. Na kibao kisigusane na ukuta. Vipande viwili vidogo vya mbao nyuma yake huacha hewa ipite.

Mtu atasema hiyo ni kazi nyingi. Ndiyo. Ni kazi inayochukua muda mfupi kuliko kuunganisha mbao nne za mninga, kuzibana usiku kucha, kuziranda na kuziba nyufa. Na kwa anayetaka ushahidi kwamba adui ni maji ndani ya nyuzi wala si nyuzi zenyewe, upo Ulaya. Ubao unaoitwa Tricoya hutengenezwa kwa nyuzi za paina zilizobadilishwa kikemia kwa njia inayozuia zisinywe maji, na mtengenezaji wake hutoa dhamana ya miaka 50 kwa matumizi ya nje juu ya ardhi. Simshauri mtu wa Nambis auagize, bei yake ni ya kuchekesha. Nautaja ili kauli kwamba ubao wa nyuzi kwa asili yake huoza ikome kusemwa kama sheria ya maumbile.

Pingamizi la vumbi nalichukulia kwa uzito kuliko wengi wanaolileta, kwa sababu wengi hulileta kama silaha ya ubishi kisha huendelea kupiga msasa mninga bila barakoa. Gundi ya MDF ina fomaldehaidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la MDF ni jepesi mno, huelea hewani kwa muda mrefu na kuingia ndani ya mapafu. Lakini shirika hilohilo lilikwisha kuliweka vumbi la mbao, hasa lile la mbao ngumu, katika kundi hilohilo tangu 1995. Fundi anayevuta unga wa mninga kila siku hajaokoka kwa sababu mninga ni wa asili. Nyenzo zote mbili zinadai mambo yaleyale: kukata na kupiga msasa nje au penye upepo, barakoa inayobana vizuri badala ya kitambaa cha mdomoni, na kuloweka sakafu kidogo kabla ya kufagia. Kwa MDF ongezeko ni moja, nalo halina mjadala: vipande vinavyobaki visiwe kuni. Katika nyumba nyingi za Mbulu mabaki ya seremala huishia jikoni, na moshi wa gundi ile haupaswi kupita karibu na ugali wala na watoto wanaoota moto. Kwa anayenunua shiti, alama ya E1 ni ya kuuliza, kwani ndiyo inayoashiria kwamba fomaldehaidi inayotoka iko ndani ya kikomo cha daraja hilo la Ulaya; na kibao kilichopakwa rangi pande zote hutoa kidogo zaidi.

Kisha huja lile la heshima, ambalo nadhani ndilo lililo chini ya mengine yote. Kwamba sanaa ya kweli haikai juu ya ubao wa kiwanda. Tanzania ndiyo nchi ya mwisho inayopaswa kusema hivyo. Mwaka 1968, huko Oyster Bay, Dar es Salaam, kijana aliyetoka Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alichorea juu ya hadibodi, ubao wa nyuzi uliotumika kwenye dari, kwa vipande vya mraba vya karibu futi 2 kwa 2. Shiti ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande vinane vya ukubwa huo bila kubakiza kitu. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima, na picha zake za hadibodi ziko leo katika mikusanyo ya sanaa Ulaya na Japani. Ni kweli hadibodi si MDF. Hadibodi, iliyobuniwa na William Mason huko Marekani mwaka 1924, ni nyembamba na hushikamana zaidi kwa gundi ya asili iliyomo kwenye mti wenyewe, na haichongeki. Lakini ni ukoo mmoja, na aibu inayopachikwa mmoja wao ingempasa mwingine pia. Hakuna mkusanyaji anayeirudisha picha ya Tingatinga akilalamika kwamba angechorea kwenye mkongo.

Wachongaji wana hofu nyingine iliyo ya haki zaidi: MDF imekuja pamoja na mashine za kompyuta za kuchonga, na mashine hizo zitawanyang'anya mkate. Mashine zipo Arusha na Dar es Salaam, na hazitarudi zilikotoka kwa sababu fundi wa Mbulu amenuna. Ila mashine huchonga mninga vilevile. Anayefikiri kwamba kung'ang'ania mbao ngumu ni ngome dhidi ya mashine hajaitazama ikifanya kazi. Kinachomlinda mchongaji ni mkono wenye herufi zake mwenyewe, mwandiko usiopatikana katika orodha ya kompyuta, na mpangilio unaofuata jina la mteja mmoja. Na hapo MDF ni rafiki wa mwanafunzi. Kijana anayejifunza kuchonga herufi anaweza kuharibu vipande ishirini vya mabaki ya MDF bila mwalimu wake kupandwa na hasira, akajifunza mviringo wa S kabla hajajifunza hila za mkondo wa nyuzi. Ukimpa mninga siku ya kwanza, atajifunza kuogopa.

Linabaki la uchumi: kwamba MDF huja kutoka nje na fedha huondoka nayo. Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali, na ndiyo inayonisikitisha. Tunayo misitu ya kupandwa. Shamba la Sao Hill huko Mufindi ndilo kubwa kuliko yote ya serikali, na paina ndiyo mali yake kuu. Arusha, mji ulio karibu nasi kuliko Dar es Salaam, uliwahi kuwa na kiwanda cha ubao wa nyuzi, Fibreboards Africa, chini ya shirika la umma la TWICO. Kwa maneno mengine, ubao wa ukoo huu ulitengenezwa kaskazini mwa Tanzania kabla wengi wanaouita wa kigeni hawajazaliwa. Jibu la fedha zinazoondoka ni kununua kwa wingi wa kutosha hata kiwanda kiwe na maana tena, na soko halijengwi na watu wanaoionea aibu bidhaa. Kukata mti uliochukua miongo mingi kukomaa ili kumkomoa mwagizaji wa bidhaa kutoka nje ni hesabu ninayoshindwa kuifuata.

Mwisho, wapo watakaosema kibao kinapaswa kudumu vizazi. Baadhi, ndiyo. Jiwe la msingi, msalaba wa altareni, jina la ukoo juu ya mlango wa nyumba ya babu: hivyo vichongwe kwa mninga, vipakwe mafuta ya kitani au vanishi isiyo na rangi, na viachwe vionekane jinsi vilivyo. Lakini kibao cha duka hubadilika jina linapobadilika, namba ya simu inapobadilika, mpangaji anapohama. Kibao cha shule hubadilika shule inapopandishwa daraja. Mwaka 2022 peke yake, operesheni ya anwani za makazi ilileta majina ya mitaa na namba za nyumba nchi nzima, na maandishi mengi ya zamani yakapitwa na wakati. Kamati za ujenzi zinazoandika katika maombi ya zabuni "mbao ngumu, ipakwe rangi" zinanunua vitu viwili vinavyofutana. Ziandike moja: mbao ngumu, isipakwe rangi, au MDF ya milimita 18, kingo zizibwe, prima ya mafuta mara mbili, rangi pande zote pamoja na mgongo, itundikwe chini ya paa. Na mkaguzi atakapokuja kupokea kazi, akigeuze kibao kwanza aangalie mgongo.